Chai Ninayompikia Baba

Kanyangi,
14 Agosti 1986

Kwa dada yangu mpendwa Kalunde,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko chuo cha uuguzi? Miguu imeacha kuvimba na zile zamu za wodini? Sisi tu wazima, ila bibi yetu Susu anasema macho yake siku hizi yanaona moshi tu.

Habari ya Baba unayo: miezi mitatu hajagusa pombe. Pasta alimtangaza kanisani watu wakapiga makofi. Wenzake wa kilabuni wanamwita Mzee Birika, maana sasa ni chai tu, tena niliyopika mimi. Ya Mwaitu, mama yetu maskini, anaitema, anasema ni maji ya kuoshea sufuria. Mwanzoni Mwaitu alicheka, akasema basi yeye amestaafu jikoni. Siku hizi hacheki.

Tangu Jumatatu hata yangu anaitema. Anatoka jasho, mikono inatetemeka, halali. Jana alikaa mlangoni akinoa panga, akamuuliza Mwaitu, kwa upole kabisa, ameharibu nini kwenye chai. Mwaitu akasema majani ni yaleyale ya dukani. Baba akajibu kwamba Jumapili, akiitwa kutoa ushuhuda, atamtaja mbele ya kanisa mwanamke anayemroga.

Dada, ni mimi. Ule mmea wa bangi ambao Susu huficha nyuma ya kibanda, dawa ya kuku wakiugua, nimeumaliza. Likizo ya Aprili ulinieleza kwamba mlevi hadaiwi na tumbo, anadaiwa na ubongo. Nikawaza, basi nitaudanganya huo ubongo. Nikachemsha majani kwenye maziwa, kidogo, halafu si kidogo. Pombe iliacha kumwita. Sasa anaitwa na kitu asichokijua hata jina, na majani ya mwisho niliyachuma Jumapili iliyopita.

Unanijua. Hata darasani jibu nikiwa nalo, kwa Kiingereza au Kiswahili, sinyanyui mkono. Barua hii nitaiposti kesho Ijumaa, na najua haitakufikia kabla ya Jumapili. Nimeiandika ili maneno yazoee kunitoka. Kabla Baba hajaitwa kanisani, mimi nitakuwa nimeshasimama.

Wasalimie wenzako wa bweni. Mwombee Mwaitu.

Mdogo wako,
Ndinda Mbuvi