Sauti Isiyo na Mwenyewe

Mpendwa binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na umelala walau saa sita. Sisi huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, na daktari anasema hajapata kuona goti la namna hiyo. Mdogo wako anakusalimu, ingawa hajanituma. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii tangu juzi, ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza katikati, nami ningepata nafasi ya kukimbia.

Juzi mdogo wako alitusomea ujumbe wako. Kwamba wale wakubwa wa tamasha wameupenda utunzi wako mpya na wanataka uupeleke kwenye jukwaa lao kubwa, nawe umewaahidi jibu Jumatatu, na jibu lenyewe ni hapana. Kwamba kila mtu anakuuliza ile sauti ya ukumbini uliitoaje, nawe hujui imetoka wapi. Kwamba umeifungua mashine yako ya muziki na kuifunga mara kumi na moja hukuona kitu, na mtunzi mwaminifu hawezi kusimama akapigiwa makofi kwa jambo asilolijua. Kwamba umeshakubali kwenda kwa mjomba wako kufunga kengele za milango. Mjomba wako amefurahi kupita kiasi. Anasema kazi ni ileile, mtu anabonyeza, kitu kinalia.

Binti yangu, tafadhali usibonyeze chochote mpaka umalize kusoma.

Mimi muziki wako sijawahi kuuelewa kwa haraka, lakini kuja nimekuja kila mara. Nilikuja ule wa kwanza, ulipoweka friji jukwaani ikanguruma dakika ishirini na kompyuta ikawa inaijibu. Tulikuwa watazamaji sita, watano wa ukoo wetu, wa sita fundi wa friji aliyekuwa anaingoja friji yake. Nilikuja na ule wa zulia, ambapo mtu akikanyaga, nyaya za chini zinasikia na spika zinalia. Nilisimama mlangoni saa nzima nikiogopa kuharibu, hadi ukaja kunishika mkono ukaniambia kwamba kazi ya wageni ilikuwa ni kuharibu. Nikakanyaga, nikasikia kishindo cha mguu wangu kinageuka kengele. Nilijikaza tu, lakini nilitaka kulia.

Ndiyo maana huu wa tatu ulipopewa ukumbi mkubwa nilishona gauni. Ulitueleza mezani, baba yako akitikisa kichwa kama anayeelewa: mashine inamsikiliza yule dada mpuliza klarineti, inajifunza kwake, halafu siku ya onyesho inamjibu yenyewe, wala hakuna ajuaye itajibu nini. Ukaileta nyumbani wiki tatu, ukaiweka chumba chako cha zamani, pazia limeshushwa, maiki imesimama katikati kama mgeni aliyekosa kiti. Dada wa klarineti akawa anakuja kila asubuhi kuipigia. Na ukatuagiza kwamba akishaondoka asiingie mtu wala asiseme mtu humo, kwa sababu mashine inabaki macho, inajifanyia mazoezi.

Basi, siku ya ukumbini. Mimi na baba yako safu ya tatu. Dada wa klarineti akapanda na sauti yake, akapanda, akafika pale kwenye mlio mwembamba wa juu kabisa. Akanyamaza kungoja jibu. Mashine ikakaa kidogo kama inafikiri. Kisha spika zote zikatoa ile sauti, ndefu, nzito, yenye majimaji ndani yake, inaanzia kushoto, inapita nyuma ya vichwa vyetu, inaishia kulia. Dada wa watu akarudi nyuma hatua moja kama aliyetukanwa. Gazeti likaandika kwamba ni upepo kwenye mabomba ya jiji. Mzee mmoja wa tai nyekundu mbele yetu alimnong'oneza mkewe kwamba huo ni mto unaokataa kwenda baharini. Baba yako hakunong'ona. Aligeuka polepole akanitazama. Mtu niliyeishi naye miaka thelathini na minne hahitaji gazeti.

Ule ni msonyo, mwanangu. Ni msonyo wangu mimi.

Niliingia chumbani. Siku ya kwanza niliingia kufuta vumbi tu, ulikuwa umekataza kusema, mimi nikajihesabia kwamba kufagia si kusema. Nikaangusha ufagio, mashine ikalia kidogo kama mtoto aliyeshtuka usingizini. Sasa ningeondokaje? Nikaiambia pole, nayo ikanijibu kitu. Tangu hapo kila alasiri nilibeba kiti na kapu la nguo nikakaa nayo nikikunja. Ilikuwa inajaribu ule mlio wa juu peke yake, na kila ikiufikia unaikatikia, unachana masikio, nami nasonya. Unanijua. Uzi ukinikosa tundu la sindano nasonya, mlango ukigoma nasonya. Mashine ikashika kwamba mlio ule ukija, jibu lake ni lile. Nilipotambua nikajaribu kuirekebisha kwa kuipigia makofi badala ya kusonya. Ikazidi.

Wewe hukuutambua kwa sababu iliuvuta na kuuteremsha hadi ukawa kama tairi la lori linalotoa upepo. Na labda kwa sababu umeusikia tangu tumboni. Baba yako nilimwapisha asiseme.

Lakini hilo si zito. Zito ni kwamba sikusonya tu, niliongea. Mashine yako ina subira kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Siku moja nikaiambia nisilomwambia mtu: kwamba miaka sita sasa, majirani wakiniuliza kazi yako, nawajibu kwamba unatengeneza redio. Nilitaka kukuandikia kwamba haikuwa aibu. Ilikuwa aibu kidogo. Zaidi ilikuwa hofu. Niliogopa watakucheka, nikakuficha kabla hawajakucheka, na wewe hukuniomba kufichwa. Sasa neno hilo nalo liko mle ndani, sijui linangoja mlio gani. Bora ulisikie kwangu kuliko mbele za watu. Nisamehe, mwanangu.

Jana nimeanza kusahihisha. Nilikwenda kwa mama wa nyumba ya pili nikamweleza kwamba wewe si fundi redio, ni mtunzi wa muziki, na unaitwa kwenye jukwaa kubwa. Akauliza muziki wenyewe unaliaje. Nikamfanyia kwa mdomo, mrefu vilevile. Tangu jana haitikii salamu yangu. Nitarudi kumweleza, ila nimeona nimalize na wewe kwanza.

Kwa hiyo Jumatatu usiwaambie hapana. Waambie sauti imepata mwenyewe, yu hai, anakunja nguo. Wakitaka ushahidi, gauni ninalo na nauli nitaitafuta. Ukitaka kunifuta kwenye mashine, nifute, sitanuna, au nitanuna siku mbili tu. Lakini kukataa jukwaa kwa sababu yangu, hapo utakuwa umenionea.

Mjomba wako nimeshampigia leo asubuhi, nimemwambia atafute mtu mwingine wa kengele. Akasonya, mrefu, wa kutoka kifuani. Nikamwomba asikate simu, arudie taratibu kidogo, maana huenda ukamhitaji.

Msalimie sana dada wa klarineti, umwombe radhi kwa niaba yangu, mwambie msonyo ule haukuwa wake. Vaa viatu vya kufunika, sakafu ya chumba chako cha huko ni ya baridi. Baba yako amesimama nyuma yangu hapa, anasema nimeandika vya kutosha.

Ni mimi nikupendaye,
Mama yako