Agbeko, Uliyezikwa Ungali Hai

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Agbeko Adzoh, na hapa nyumbani Kpalimé, Togo, bado tunabishana kama ni mmoja au ni kumi na tisa.

Miaka kumi na tisa iliyopita ulikimbilia Ghana baada ya kusema hadharani kwamba nchi si shamba la mtu mmoja. Askari wakawa hawabanduki uani kwetu. Ndipo ukatutumia nywele na kucha zako, kama wanavyorudishwa watu wetu wanaofia ugenini, nasi tukazizika kwa ngoma na vilio. Askari wakala chakula cha matanga, wakaenda zao.

Nawe kule Ghana, mjini Ho, u mzima wa afya, unakula akple, ugali wa kwetu, na samaki, unaandika karatasi za upinzani. "Mmenizika vizuri?" uliuliza kwenye simu. "Nani kalia sana?" Tulicheka, Mungu atusamehe.

Kila mkimbizi alilala kwako. Shati jipya halikukukalia wiki, maana nani angefika bila kitu ukamnyima? Ulivua lako ukampa.

Mtawala alipoondoka, ulisema utarudi Pasaka. Badala yako ikaja simu: moyo umesimama. Mama akacheka. "Mwambieni aache utani, askari hawapo tena." Hata sisi tulisita. Tulie, au tungoje upige mwenyewe? Mkeo Dzigbodi alipovaa nguo nyeusi, jirani akamuuliza, "Mama Enyonam, unafiwa na mume yuleyule mara ya pili? Makubwa!"

Ulizikwa huko Ho, maana wazee wa ukoo wamekataa kukuchimbia tena. Mtu hazikwi mara mbili, wanasema. Tukiwaambia ile ya kwanza ilikuwa hila, wanajibu kwamba ardhi haijui hila, ilipewa ikapokea. Hatujui nani ana haki. Tunachojua ni kwamba tunakutaka nyumbani, na uongo uliotuokoa ndio unaokufungia mlango. Inatuuma sana.

Unakumbukwa na mkeo Dzigbodi, binti yako Enyonam, dada yako Akpene na mdogo wako Selom.

Mama tulimwomba tuliandike na jina lake, akakataa katakata. "Mara ya kwanza nilimlilia akiwa hai, huku nawatazama askari kwa pembe ya jicho. Safari hii msiniandike popote. Nileteeni mwanangu nimwone, ndipo nilie."

Sisi tutakukumbuka daima, Agbeko. Yeye bado anakungoja.