Wavu Mmoja Unasema Moshi Umekwisha, Mwingine Unasema Upo

Mpendwa Shangazi Keneilwe, naomba msaada, mimi ni mtu wa Mokhotlong huko Lesotho, shule niliiacha mapema nikachunga kondoo, na tangu hapo niko huku kwenye migodi ya Rustenburg, Afrika Kusini, nilikuwa chini ya ardhi nikifunga mapazia ya kuongoza hewa mpaka mgongo ukakataa, wakanipandisha juu ofisi ya hewa, na injinia wetu, dada anaitwa Dineo, akanifundisha kompyuta kwa subira ambayo hata mke wangu hana, sasa kazi yangu ni kuchora wavu.

Wavu wenyewe ni hivi, handaki tunalichora ndani ya kompyuta tunalikatakata kwa wavu, na katika kila jicho la wavu kompyuta inahesabu hewa inakwenda wapi na moshi wa baruti umebaki kiasi gani, macho yakiwa makubwa jibu linatoka kabla ya chai, yakiwa madogo inakoroma wikendi nzima.

Sasa wakubwa wanataka kupunguza muda ambao watu wanasubiri juu baada ya kulipua, na handaki lenyewe ni jipya, lina kona upande wa kushoto ambako bomba la hewa halielekei, nikachora wavu wa macho makubwa, kompyuta ikasema moshi umekwisha, wote wakafurahi, lakini mimi nimewahi kufanya kazi kwenye kona kama ile, najua hewa inavyojiviringa pale na moshi ukaganda, nikarudia kwa macho madogo, moshi ukabaki konani, nikayapunguza tena, moshi ukazidi, nikaogopa.

Nikamwita Dineo, akacheka, "Ntate Letlatsa, wewe ukipewa kompyuta lazima uitafutie ugonjwa," halafu akaangalia vizuri, akavuta kiti akaketi.

"Sasa kati ya hizi tatu, ipi ya kweli?" akaniuliza.

"Wewe ndiye msomi, mimi mchunga kondoo."

"Usinitanie bwana. Bosi ameshaipenda ile ya kwanza, Alhamisi anatia saini muda mpya wa kusubiri. Nikimpelekea majibu matatu ataniuliza kama tunafanya kazi au tunapiga ramli."

Na kweli bosi alipita, akachungulia mabegani kwetu, akasema, "Tumieni wavu wa kwanza, ule una adabu."

Shangazi, timu itakayoteremka ni ya Sekonyela, kaka wa mke wangu, na jana tukila ugali alinitania, "Shemeji, siku hizi unachimba kwa kidole kimoja, hata jasho hutoki," nikacheka lakini ugali nikauacha sahanini. Nifuate wavu gani? Na je, nimnong'oneze shemeji peke yake akae mbali na kona ile, nisije nikapoteza kiti hiki na kurudishwa nyumbani na mgongo huu? Nimechoka.

Letlatsa

*

Ntate Letlatsa,

Pole na mgongo, na pole zaidi kwa ugali ulioachwa sahanini. Kabla ya kukaa hapa kujibu barua za ndoa nilifanya kazi ofisi ya hewa kama yako, kwa hiyo nakuelewa, na nitakukaripia kidogo.

Hofu yako ina msingi. Macho makubwa yanasambaza mambo. Moshi uliojikusanya konani kompyuta inaugawa jicho zima, unaonekana kidogo kila mahali na hautishi popote. Na mizunguko ya hewa pale konani ni midogo kuliko jicho lenyewe, kwa hiyo inapotea.

Lakini usijisifu bado. Yale macho madogo umeyajaza wapi? Nadhani umeyabandika kwenye mwamba wote, kama ulivyokuwa ukiziba matundu ya pazia. Kila mfunga mapazia niliyefanya naye kazi alifanya hivyo. Na pale hewa inapotoka mdomoni mwa bomba, na inapogeukia kona, umeacha macho mapana. Basi hata jibu lako la tatu si la kuapia. Yahamishie huko. Tena ukutani kuna kanuni ya kukadiria hewa inavyosuguana na mwamba, ambayo Dineo ameiweka ndani ya kompyuta, na kanuni hiyo huharibika jicho la kwanza kutoka ukutani likiwa jembamba mno. Muulize unene gani, usikisie.

Kisha chora upya: wavu mpana, wa kati, mdogo, ukipunguza kwa kiasi kilekile kila mara. Achana na rangi za picha ya moshi ambayo kompyuta inakuchorea. Soma moshi wa mahali pamoja tu, pale kichwa cha mchimbaji kinapokuwa akisimama konani. Jibu likiacha kuhama, tumia wavu mpana kuliko zote ambao bado unalitoa, usiitese mashine bure. Likiendelea kuhama, bado hamna jibu, na mseme hivyo. Na hata likitulia, mtu wa vipimo ateremke apime kona hiyo, muda wa kusubiri ukiwa uleule wa zamani. Kompyuta haijawahi kukohoa.

Kuhusu kumnong'oneza shemeji, hapana. Najua ni kaka wa mkeo. Lakini yeye akisogea, kona haitabaki tupu. Atapangwa mwingine, ambaye shemeji yake hayuko ofisini. Unataka kumjua mtu huyo baadaye, kwenye matanga?

Dineo si adui yako. Alivuta kiti kwa sababu ameona unachokiona, na anaogopa peke yake kama wewe. Nendeni wawili, mchukueni na mwakilishi wa usalama wa chama cha wafanyakazi, ili bosi asipate mtu mmoja wa kumwonea. Mwonyesheni majibu yote matatu, mseme bado yanahama. Atasema kazi itachelewa.

Mwambie, "Ndiyo bosi, itachelewa." Halafu nyamaza, usiongeze neno.