Paa Lililokuwa Likitengenezwa

Nyuma ya Soko la Zamani,
Lunzai, Yunlin,
Taiwan.

14 Mei, 1996

Mpendwa Mama mdogo Bi-tsu,

Shikamoo. Goti lako limepata nafuu? Na Baba mdogo, bado hanywi dawa mpaka abembelezwe? Huku tu wazima. Mama anakula, analala. Nyonga ndizo zinazomtesa, ulimi hauna ugonjwa wowote.

Vitunguu saumu vimenona mwaka huu, ila mvua ilituwahi kabla hatujamaliza kuvianika.

Mama mdogo, nimezunguka vya kutosha. Ukumbi wetu wa maigizo umebomolewa.

Kimbunga cha mwaka jana kiling'oa nusu ya paa. Unajua tangu filamu ziyashinde maigizo, na televisheni izishinde filamu, ukumbi ulikuwa ghala la vitunguu tu. Ukuta ukaanza kuinamia shule ya chekechea. Tukaitwa kikao sisi wa familia yenye ukumbi, nami nikakaa kwa niaba ya Mama. Nilinyoosha mkono ubomolewe. Niliwahofia watoto, hilo ni kweli tupu. Lakini niliporudi Mama akaniuliza wameamua nini, nikamjibu, "Wanatengeneza paa."

Uwongo huo nimeulea miezi mizima. Nyundo zikisikika, Mama alikuwa akitabasamu: "Huyo fundi hodari, hapumziki!" Nami nilimmiminia chai huku nimeinamisha uso.

Wewe unajua alivyoupenda. Yeye dirishani akikata tiketi, wewe jukwaani umebandikwa ndevu za jemadari, wanawake wa sokoni wakikutupia pete zao. Onyesho likikaribia kwisha, yeye ndiye aliyekuwa akifungua milango ili wasio na kitu waingie bure. Mpaka leo wapo watu hapa wanaojua miisho ya michezo yote, na mianzo hawaijui hata mmoja. Hao wakimwona Mama humwamkia kwa mikono miwili.

Ijumaa, sikukuu ya Mungu wa Kike wa Bahari, Mama alitaka nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu akalione paa jipya. Nikasema jua kali.

"Nimekuomba kofia? Sukuma."

Nikasukuma. Kila kona nilijiambia nitasema kona ijayo. Kona zikaisha.

Mbele yetu kiwanja kitupu, changarawe, pikipiki zimeegeshwa. Mama akasema, "Hili ndilo paa mlilokuwa mkitengeneza?"

Nilipiga magoti pale pale, watu wakitazama. Nikaeleza habari za ukuta, na za watoto.

"Ukuta mbovu hubomolewa, mimi si mjinga," akasema. "Hata mimi ningenyoosha mkono. Lakini ungenileta niuage. Maiti gani huzikwa kwa kuwaficha ndugu?"

Akakataa kusukumwa nami. Mzee Tiunn, yule aliyekuwa akitufasiria filamu za kigeni kwa kinywa, aliacha kibanda chake cha juisi ya miwa akamrudisha nyumbani. Mimi nikafuata nyuma kama mwizi aliyeachiwa.

Tangu hapo hupokea bakuli mkononi mwangu na hanisemeshi. Jana tu alifungua kinywa: "Mwandikie mdogo wangu. Mwambie yote. Naye ana haki ya kulia."

Kwako kosa langu ni lile lile. Ulipoandika kwamba ukija kusafisha makaburi ungependa kusimama tena jukwaani, ukumbi ulikuwa tayari chini. Niliisoma barua yako, nikanyamaza. Nisamehe, Mama mdogo. Na kama huwezi sasa, niandikie hasira yako yote, hata kurasa kumi. Usininyamazie tu. Kimya cha nyumba moja kimenielemea.

Nisalimie Baba mdogo Khun-hok, na Le-hua na wanawe. Mzee Tiunn anasema ndevu zile zilikupendeza kuliko wanaume wote wa Lunzai. Mababu zetu wakulinde ugenini, wakurudishe salama.

Mwanao akupendaye, ingawa anaona haya,

Siok-hun