Nafasi Kwenye Mshono

Mdogo wangu kipenzi,

Huku tu wazima, ila cherehani yangu inakohoa kuliko shemeji yako.

Ule mtindo ulionifundisha, wa kuandika kwenye simu kila ninachokula, ninao bado. Mwanzoni ulinitesa! Nikila keki naiandika huku najilaani, kesho yake nashinda na chai kavu ili hesabu ipendeze. Siku moja nikashikwa na kizunguzungu, nikaunga mkono wa blauzi shingoni. Mwenye blauzi alicheka hadi akakaa chini. Nilipomweleza sababu, akaniuliza, "Fundi, miaka yote unanipima kiuno, umewahi kunigombeza?"

Kweli, mimi napima ili nguo imkae mtu vizuri, basi. Tangu hapo keki naiandika kama kiuno cha mteja, bila kununa. Na nimejigundua: nikiruka chakula cha asubuhi, jioni nakomba sufuria. Sasa asubuhi nakula, na shemeji yako amerudishiwa ukoko wake.

Mama kaniambia ulikwenda kwake ukakataa kula, eti hukujua uandike nini. Na kwenye picha uliyotuma, blauzi niliyokushonea inakupwaya mabegani. Sikugombezi, mwanakwetu. Futi yangu ya kupimia haigombi na mtu.

Gauni lako jipya limekwisha. Kwenye mishono nimeacha nafasi: ukipungua nitalibana, ukinenepa nitaliachia. Njoo ulijaribu, lakini tule kwanza.

Dada yako,
Fundi mwenye kiuno kisichoomba radhi