Nimemwandika Bibi kati ya marehemu

Rotua, acha kupika, soma hapa.

Leo Jumapili ya kukumbuka marehemu, si nilipewa kuchapa majina? Nikayachanganya na ya wagonjwa wa kuombewa.

Mchungaji akasoma jina la bibi yangu. Kengele ikagongwa. Na Bibi kakaa benchi la pili, Rotua. La pili.

Akauliza, "Mchungaji, nisimame na wafiwa au nilale kabisa?" Kanisa zima likacheka, hata mimi.

Jina lililofuata ni la Mzee Binsar, naye mgonjwa tu.

Sasa hivi wamepiga simu kutoka hospitali. Mzee Binsar amefariki.

Bibi kasikia. Kaniita, "Njoo, karani wa wafu. Nitolee sandukuni kile kitambaa changu cha ulos, cha kuzikiwa."

Nimemwambia ufunguo umepotea. Ninao hapa mkononi.