Mbandika Madirisha na Mkwe Wangu Sekela

Isanga, Mbeya
Jumapili, 15 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Yusta,

Kamwene. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu nipande lori la mbao pale Mafinga, nikiwa na sanduku moja na ahadi ya kazi katika kiwanda cha uchapaji huku Mbeya. Nilikuaga kwamba nakwenda kwa miaka miwili. Wewe ulikuwa unapalilia njegere, hukuinua hata kichwa, ukanijibu kwamba wanaume wote wa Igowole husema miaka miwili.

Kabla ya mengine nipe habari za goti lako. Je, unapanda kwenda kanisani bila fimbo, au bado unakaa benchi la nyuma ili watu wasione unavyoinuka? Najua baridi ya mwezi huu huko kwenu, ukungu ukilala juu ya chai mpaka saa nne. Sisi hapa tunahamisha jiko la mkaa kutoka chumba hadi chumba, na mimi nalifuata. Jicho langu la kulia lilitolewa mtoto wa jicho mwezi wa tatu, na limepona vizuri. Gloria, mjukuu wako, yuko mwaka wa pili chuoni na anakusalimu. Mama yake, Sekela, hajambo, na mgahawa wake hapa getini unaendelea.

Barua yako niliipata tangu Aprili, na najua umekasirishwa na ukimya wangu. Uliniandikia kwamba umeezeka upya chumba changu kwa bati jipya, na kwamba ukoo umekaa ukaona wakati umefika nirudi nyumbani, nije na Sekela, naye arithiwe na Crispin, mtoto wa kaka yetu, kwa kuwa Crispin naye amefiwa na mke na mwanangu Edmund ana miaka saba kaburini. Umesema jibu langu ndilo linalosubiriwa. Nitalijibu humu humu, lakini lazima nianzie mbali kidogo, kwenye runinga. Usicheke.

Daktari wa macho alinikataza kusoma kwa wiki kadhaa. Unajua mimi bila kitabu ni mtu wa namna gani. Gloria alisema nimeanza kusoma maandishi ya pakiti za chumvi. Akaenda kwenye kibanda cha kuingizia muvi, akarudi na flashi yenye tamthilia ya Kikorea ya mambo ya kale, ya mapenzi na vichekesho, iliyotiwa Kiswahili. Nilimwambia mimi si mtu wa vitu hivyo. Jioni ya pili nilikuwa nauliza mbona chakula kinachelewa, maana tulikuwa tunaanza kuangalia baada ya kula.

Nikueleze ilivyo. Katika nchi hiyo ya zamani madirisha yalikuwa ya karatasi. Kuna mwanamke, fundi wa kubandika karatasi hizo katika jumba la waziri mzee. Mtoto wa waziri, kijana msomi ambaye hawezi hata kuvuka uwanja bila kujikwaa, anamsikia akiimba upande wa pili wa dirisha, anapenda sauti, na kuanzia siku hiyo anatoboa karatasi kwa kidole ili fundi aitwe tena. Jumba zima linavuma upepo. Waziri anapata mafua. Paka wanapigwa bure kwa kosa la kutoboa madirisha. Mwanamke anajua tangu tundu la kwanza, maana paka hana kidole, lakini anabandika na kunyamaza.

Yusta, nimesoma riwaya nyingi katika maisha yangu, nyingine nilizipanga mwenyewe herufi kwa herufi, na ni chache zilizonishika hivi. Kuna mahali wawili hao wanaongea jioni, fundi nje, kijana ndani, na sisi tunaona vivuli tu. Mwanamke anapaka gundi ya mchele kwa brashi pana, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, asiache hata povu moja la hewa. Kijana anafuata brashi kwa kiganja chake upande wa ndani. Hawagusani. Hakuna muziki. Mtu aliyeandika kipande hicho anajua kazi ya mikono, na anajua mapenzi.

Lakini siwezi kusifu kila kitu. Ni majira ya baridi, theluji inaanguka, na hakuna hata mmoja aliyepasuka midomo. Nguo za fundi wa gundi ni safi kuliko za kwaya yetu. Tena yuko mtafsiri, kijana wa Dar es Salaam ambaye hatumwoni, anayesema sauti za watu wote peke yake na kuongeza zake. Kijana msomi alipoanguka bwawani, mtafsiri alisema huyo sasa ni bwana samaki wa wilaya. Nilicheka, nakiri, lakini alipotia mzaha wa namna hiyo katikati ya maneno ya vivuli, nilitamani kumtoza faini.

Sasa nikueleze tulivyokaa. Unakumbuka harusi ya Edmund, ulivyorudi Igowole umenuna, ukisema tumeoa bubu, bibi harusi anampa baba mkwe mgongo? Mimi nami mwaka wa kwanza nilidhani ananidharau. Wenzetu Wanyakyusa wa kizamani ndivyo wanavyolea binti zao: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hali naye, hataji jina lake, wakikutana njiani anageuka pembeni mpaka mzee apite. Wengi wameacha siku hizi, na mchungaji hawalazimishi. Sekela hakuacha. Kwa miaka yote hii, hata baada ya Edmund kufariki, amenipikia, amenifulia, ameniuguza jicho kwa kumtuma Gloria na dawa, na sura yake nimeijua zaidi katika picha za harusi. Mimi ananiita Babu Gloria, akisema na ukuta.

Kwa hiyo mimi nilikaa sebuleni, Gloria kwenye mkeka, na Sekela jikoni kwenye kigoda, nyuma ya pazia la mlango, ameacha upenyo wa kuonea runinga bila kuniona mimi. Mara ya kwanza nilijua anaangalia pale aliponyamazisha sufuria.

Jioni moja fundi yule alikutana na waziri mzee uwanjani. Akafunika uso kwa mkono wa nguo na kugeukia ukuta. Mimi na Gloria tulielewa kwamba anaficha sura, maana baba yake alikuwa amefukuzwa nchini na waziri huyo huyo na anaogopa kutambuliwa. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikimwambia Gloria kwamba huyo si fundi tu, huyo ni mkwe wa mzee yule. Kwamba mtumishi huinamisha kichwa, lakini anayegeuza mgongo wote ni mkwe. Alikuwa na uhakika kabisa. Akasema mzee ana mtoto mwingine wa kiume, amekufa, na huyu ni mjane wake, tusubiri tutaona. Gloria alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, akamwambia mama yake kwamba wale ni Wakorea, si watu wa Rungwe. Sekela akajibu kwamba heshima ni heshima, Wakorea nao wana wakwe.

Basi ikawa utani wa nyumba. Kila waziri akitokea, Gloria alipaza sauti kwamba mkwe ajifiche. Hata mimi nilianza kuangalia hivyo, na nakwambia kwa kosa lile tamthilia ilinoga zaidi. Badala ya kisasi, ambacho tumekiona mara nyingi, nikawa naona mjane anayependwa upya mbele ya baba wa marehemu, na mzee ambaye kila mtu anasubiri atasema nini.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona Yotamu. Ni mfanyabiashara wa viazi kutoka Uyole, aliyefiwa na mke kama Crispin wenu, mtu mpole mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Huleta viazi vya mgahawa. Kila akileta anasahau gunia lake tupu, na kesho yake anarudi kulifuata. Mimi nilimhurumia kwa usahaulifu, nikafikiri uzee umemwanza mapema. Siku moja alirudi kufuata gunia, akafika mpaka nje, akagundua amesahau tena, akarudi ndani. Gloria aliniinamia sikioni akanong'ona: Babu, na huyu anatoboa karatasi. Nikatazama kwa jicho jipya. Sekela alikuwa amelikunja gunia lile vizuri, kama mtu anayekunja shuka ya mgeni, na alimkabidhi akiwa amemtazama usoni.

Tamthilia ilipokaribia mwisho, waandishi walifanya kitu ambacho sitawasamehe. Mafua ya waziri yaligeuka homa, akafa. Hatukuonyeshwa hata kitanda chake. Tulisikia ngoma na kuona kofia yake juu ya mto. Hakuwahi kuulizwa jambo lolote. Kisha mfalme akatoa amri, baba wa fundi akasamehewa, vijana wakaoana, paka wakapewa samaki. Harusi ilikuwa nzuri, rangi zake sijawahi kuziona, na Gloria alilia kwa furaha. Lakini mimi nilihisi kama mtu aliyefungiwa mlango dakika ya mwisho. Mzee yule ndiye aliyekuwa anazuia, na ndiye aliyepaswa kusema kwa kinywa chake. Walimuua ili wasimwandikie maneno.

Ajabu ni kwamba jikoni nako kulikuwa na hasira. Sekela alisema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwamba wametudanganya, kwamba mzee amekufa bila kumruhusu, sasa nani atamruhusu? Gloria akamkumbusha taratibu kwamba hakuwa mkwe wake, mama, yule alikuwa fundi tu, hakuhitaji ruhusa ya mzee. Nyuma ya pazia nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunikwa, ukafunuliwa, ukafunikwa tena, na hakukuwa na kitu motoni.

Wiki iliyofuata Gloria alikuwa chuoni. Baada ya chakula nilikaa mbele ya runinga iliyozimwa, maana ndiko nilikozoea kutazama, nikaanza kusema. Nilisema kwamba nimeona Yotamu ni mtu mwema. Nikasema Edmund hakumwoa ili amfunge. Nikasema kama Yotamu ana wazee wake, walete neno lao kupitia mlango wa mbele, watanikuta, na mimi nitawapokea kama baba wa binti, si kama mwenye kudai ng'ombe wa mahari ya zamani. Nilieleza mara mbili, kwa sababu sikujua kama yupo.

Alikuwepo. Pazia lilisogea, akatoka na kikombe cha chai, yeye mwenyewe. Akakaa sakafuni, ubavu ukiwa kwangu, kisha akageuka akanitazama. Amezeeka, Yusta. Ana mvi juu ya sikio la kushoto, na mimi nilikuwa bado naishi na yule msichana wa kwenye picha. Akaniambia kwamba wazazi wake wote wamekufa, na kwao pale Rungwe shamba linalimwa na watu asiowajua. Akauliza kwamba akiolewa atasema ametoka kwa nani, na akikosana na mumewe atarudi wapi, ikiwa mimi nimehamia Igowole kwenye chumba cha bati jipya. Gloria alikuwa amemsomea barua yako, kumbe.

Hili ndilo nililokuwa naogopa kukuandikia tangu Aprili: nimempa neno langu. Wazee wa Yotamu walikuja jana, tukala pamoja, Sekela akapakua na kukaa mezani nasi. Harusi ni mwezi wa tisa, na mwenye kumtoa ni mimi. Crispin mwambie kwa upole. Sina ubaya naye, na tafadhali usimwache asikie kwa watu wa Mafinga. Najua kikao cha ukoo kitasema nimepoteza akili huku ugenini. Waambie nimeamua nikiwa na macho mawili mazima. Ukoo ukitaka kunilaumu uje unilaumu hapa, kuna vitanda.

Usidhani nimesahau nyumbani. Nikifumba macho naweza kukuonyesha jiwe tulilokuwa tunanolea mapanga, na nasikia mama akituita tuingie kabla ya ukungu. Lakini mama hayupo, na anayenihitaji mlangoni yuko hapa. Binti aliyeolewa lazima awe na kwao, na kwao Sekela sasa ni kwangu.

Chumba ulichoezeka mpe anayehitaji kulala pasipovuja. Kazi yako isikae bure. Nisalimie majirani wa kigango na wote wanaoniulizia, na wewe mwenyewe ulilinde goti hilo na maji ya baridi. Mwezi wa tisa nitakutumia nauli, uje ukae upande wa familia ya bibi harusi. Safari hii atakusalimu ana kwa ana.

Sitarudi Igowole, Yusta. Nitakaa hapa mpaka nife, na nitazikwa hapa.

Ni mimi kaka yako,
Silvester